Fundi Waridi na neno lililofunga stoo za ghorofa ya pili

Saa moja na nusu asubuhi, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kwenye ujia wa ghorofa ya pili ya jengo ambalo kila mtu hapa huliita Bluu kwa sababu ya vigae vyake, imesimama ngazi ya alumini, na juu ya ngazi ipo miguu miwili iliyovaa raba nyekundu. Zaidi ya hapo hakuna. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mwenye miguu yuko ndani ya dari.

Wabeba mizigo wanapita na marobota ya vitenge kichwani, wanaikwepa ngazi bila kupunguza mwendo.

"Mambo, miguu?" anauliza mmoja.

"Poa," inajibu dari.

Kinashuka kipande cha waya, kinafuatwa na vumbi, kisha na mkono ulioshika kitu ambacho si waya. Ni panya mkavu, marehemu wa siku nyingi. Mkono unamlaza juu ya kidaraja cha ngazi kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kitini, kisha unarudi ndani.

Mwenye miguu ni Waridi Fikirini, umri miaka ishirini na saba, fundi wa mitandao ya kompyuta. Wapo wafanyabiashara wa Bluu wanaomtumia huu mwaka wa tatu, ambao wakikutana naye Mnazi Mmoja amevaa viatu vingine hupita bila kumsalimu. Hawana ubaya. Hawajapata kumwona sura bila vumbi.

"Kazi yangu ni kama ya fundi bomba," anasema akishuka, tochi ya kichwani imekaa juu ya mtandio kama taji la bei ya chini. "Maji yakitoka, nani anamkumbuka fundi? Yakikatika ndipo wanaulizana, yule binti yuko wapi."

Mwaka huu Bluu imemjua Waridi kwa jambo jingine zaidi ya raba. Mwezi wa nane alifaulu mtihani wa ngazi ya kwanza wa mafundi wa mitandao, ule unaofanyika mbele ya kompyuta na kusahihishwa na kompyuta hiyo hiyo kabla hujamaliza kufuta jasho. Mwezi wa tisa, akiwa katika kuchagua mtihani unaofuata, alitamka neno moja la kawaida kabisa, na neno hilo nusura limkoseshe kazi.

Lakini tuanze anakotoka, maana hakuzaliwa darini.

Mama yake, Bi Salma, anakaanga samaki Feri, na moshi wa karai lake umesomesha watoto wanne. Waridi alimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo Bi Salma, akiulizwa, huyaeleza kwa neno moja: "Alimaliza." Akasoma kozi fupi ya umeme wa majumbani, halafu akapata kazi ya kupima na kukata waya katika duka la Mzee Chandu, Mtaa wa Aggrey. Familia ya Mzee Chandu imeuza vifaa vya umeme Kariakoo tangu enzi ambazo redio ilikuwa kubwa kuliko kabati, na mzee mwenyewe bado hukaa mlangoni, akimwangalia kila mteja kama anayetaka kuondoka na waya mfukoni.

Duka lilikuwa na fundi mkuu mmoja, Abdulswamad, mtu aliyefunga nusu ya nyaya za mitaa hii. Siku moja magoti yake yakagoma kupanda ngazi. Kichwa kilikuwa bado kinapanda vizuri, ila magoti yalisema basi. Akatazama dukani, akamwona Waridi, mwembamba, haogopi vumbi. Akamwambia apande yeye.

"Nilikaa chini kwenye kiti cha plastiki, naelekeza," anakumbuka Abdulswamad. "Nikamwambia, mwanangu, ukikuta waya usioujua, usiuvute. Akaniuliza, na ninaoujua? Nikamwambia, huo ndio usiuguse kabisa. Alinuna, lakini hakuuvuta. Nikajua huyu anafundishika."

Fundi wa aina hii hulipwa kwa pointi, yaani kila tundu ukutani ambako waya unatokea na mtu anachomeka mashine yake. Waridi hupata shilingi elfu nane kwa pointi. Wiki nzuri hufunga ishirini, na wiki ya mvua, maji yanapojaa Jangwani na wateja wa upande ule wasivuke, hufunga zinazomtosha nauli na mtandio mpya, achague kimoja.

Mtihani aliusomea kwenye simu, mchana, amekaa kwenye ngazi huku wenzake wakila. Mara ya kwanza alikosa. "Kiingereza ndicho kilichoniangusha, si waya," anasema. "Waliniuliza jambo ninalolifanya kila siku, ila kwa maneno ambayo hayajawahi kupanda ngazi." Mara ya pili akapita. Siku hiyo Bi Salma aligawa kolekole mzima kwa wakaangaji wenzake, kitu ambacho Feri hawakukiamini mpaka walipokitafuna.

Habari ilifika Bluu kabla ya Waridi mwenyewe, na hapo ndipo maneno yalipoanza kumtesa. Kwa Kiswahili cha Kariakoo, mtandao ni kila kitu kisichofanya kazi. Pesa ya simu ikikwama, mtandao. Simu ikikata, mtandao. Hata lifti ikisimama katikati, atatokea mtu wa kusema mtandao leo unasumbua. Kwa hiyo waliposikia binti kafaulu mtandao, walifurahi kwa dhati, wakampangia foleni.

Wa kwanza alikuwa Hafidhi, muuza kava na chaja kwa jumla, kijana wa maneno mengi ambaye duka lake liko mbele kabisa ya ujia.

"Dada Waridi, hongera sana. Sasa nirudishie hela yangu niliyotuma kwa namba siyo."

"Kaka Hafidhi, ule ni mtandao mwingine."

"Kwani wewe umefaulu upi, wa buibui?"

Hilo lilipita kwa kicheko. Lililofuata halikupita hivyo.

Urvish, mtoto wa Mzee Chandu, ndiye anayezungumza na wateja wakubwa wa duka. Ana shahada na simu mbili, na ni mtu mwema pamoja na hayo yote. Alimwita Waridi akamwambia duka litamlipia ada ya mtihani mmoja mwingine, ada ambayo kwa baadhi ya mitihani hiyo hukaribia laki nane. Sharti lilikuwa achague kabla mwezi wa tisa haujaisha.

"Mmoja tu," Urvish anaeleza, "kwa sababu nilimwomba baba akiwa amesinzia baada ya chakula. Nisingeweza kumwomba miwili bila kumwamsha."

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ngazi inayofuata ya mitandao yenyewe, ambayo mafundi huiita CCNA: mtu anajifunza kuigawa, kuiunganisha na kuiongoza mitandao, si kuvuta waya tu. Ya pili ni usalama wa mitandao, kuzuia wezi wanaoingia bila kuvunja mlango. Ya tatu ni wingu, yaani kompyuta za watu wengine zilizo mbali, ambako makampuni huhifadhi mambo yao na kulipa kodi kama mpangaji.

Waridi aliipeleka hoja Feri, akakaa kando ya karai.

"Wingu?" Bi Salma alisema, akigeuza samaki. "Kila masika Jangwani inafurika na hakuna aliyetuambia mapema. Na wewe uende ukajiunge na hao wanaotazama mawingu?"

"Siyo mawingu hayo, mama."

"Haya. Na hiyo nyingine, siisii nini?"

"CCNA."

Bi Salma akaweka kijiko chini. "Mwanangu, mambo ya vyama hapana. Hata kiwe kipya."

Urvish alikuwa upande wa wingu, kwa sababu wateja wakubwa wanaelekea huko. Baba yake aliposikia, usingizi ulimtoka. "Mimi nauza waya," alisema Mzee Chandu. "Mtoto wangu anachukua fundi wangu, anampeleka mahali pasipo na waya."

Moyo wa Waridi ulikuwa kwenye usalama, na sababu aliipata darini. Msimamizi wa zamani wa Bluu, kwa kubana matumizi, aliunganisha maduka yote ya ghorofa ya pili kwenye mtandao mmoja wenye neno la siri moja, na neno lenyewe ni jina la jengo likifuatiwa na moja, mbili, tatu. Kila duka lilidhani lina mtandao wake kwa sababu lina waya wake. Waridi aliyeziona nyaya hizo zinakokutania alijua kwamba wote wamelala chumba kimoja.

"Mtu amefunga duka kwa kufuli nne za chuma," anasema. "Halafu kule juu kuko wazi kama uwanja wa Mnazi Mmoja. Nilikuwa nashuka kwenye ngazi najisikia vibaya, kama mtu aliyeona mwenzake kachanika nguo nyuma na hajui amwambieje."

Asiyeijua Kariakoo anaweza asielewe kwa nini jambo hilo lilimkaa rohoni. Kazi ya Waridi haifanyiki bila ufunguo wa mtu mwingine. Nyaya hupita kwenye stoo, na stoo ya Kariakoo hairuhusu mtu kuingia hivi hivi. Humo ndimo mtu anamoweka mzigo ambao hajautangaza, chakula anachokula peke yake, na usingizi wake wa mchana. Waridi alikuwa anapewa funguo zote za ghorofa ya pili, anaingia, anatoka, na hakuna siku aliyosikika akisema nani anakula nini.

Basi ikawa siku moja ya katikati ya mwezi wa tisa, yuko dukani kwa Mama Jasvanti. Huyu ni muuza vitenge kwa jumla, mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye wateja humwamkia kwanza, wakajipanga, ndipo wakauliza bei. Waridi alikuwa amemaliza kubadilisha tundu moja ukutani, akaletewa chai na chapati.

"Shikamoo, mama. Nimemaliza."

"Marahaba, binti. Kunywa chai. Sasa baada ya ule mtihani, unasomea nini?"

Mdomo ulikuwa na chapati, na mdomo wenye chapati hufupisha maneno. "Nafikiria usalama, mama."

"Usalama."

"Ndiyo. Tena wananilipia kila kitu."

Mama Jasvanti aliacha kukoroga chai. Akamwangalia Waridi, akaiangalia ngazi yake, akaangalia juu kwenye dari. Kisha akamwongezea sukari bila kuombwa.

Tatizo lilikuwa hapo. Kwa anayefundisha kompyuta, usalama ni kuzuia wezi wa humo. Kwa mtu wa Kariakoo, neno hilo likisimama peke yake, bila jingine la kulifuata nyuma, maana yake ni wale watu wasiovaa sare, ambao kila mmoja ana hakika anamjua angalau mmoja wao. Na sasa ghorofa ya pili ilikuwa imempata wake. Ukijiuliza, kila kitu kilikaa sawa: nani huingia stoo zote? Nani hukaa juu ya vichwa vya watu asubuhi hadi jioni? Nani haongei ovyo?

Kesho yake funguo zilipotea. Kwa huyu, ufunguo kaondoka nao mzee. Kwa yule, ufunguo umevunjikia mlangoni, na kufuli lenyewe linaning'inia zima kabisa. Hafidhi aliitoa leseni yake ya biashara kwenye droo akaitundika ukutani, na chini yake akatundika ya mwaka juzi, asije mtu akauliza. Waridi alinunua soksi kwa muuzaji wa pale ngazini, akapewa risiti ya mashine. Yule bwana hana mashine. Alikwenda kuiazima.

Waridi alidhani ni kijicho. Halafu akadhani ameharibu kazi mahali. Simu zikaanza kuingia kwa Mzee Chandu, wateja wanaomba fundi mwingine.

"Huyo binti mpumzishe kidogo, amechoka," mmoja alisema.

"Nani kasema amechoka?"

"Tunamwona."

Wiki hiyo alifunga pointi tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za duka la Mzee Chandu mwenyewe, aliyezifungisha kwa huruma na kuzilipia kwa kunung'unika. "Nilikuwa narudi nyumbani mapema," anasema Waridi. "Mama akiniona mapema, ananiuliza kama naumwa. Nilitamani niumwe, ningekuwa na jibu."

Kilichomtisha kuliko vyote ni Candida. Candida ni mwenyeji wa Songea, anauza chai na chapati kwenye kona ya ngazi za Bluu, na hajawahi kumkopesha mtu hata tabasamu. Wiki hiyo alikuwa anampa Waridi chai na kukataa pesa.

"Dada Candida, pesa yangu ina nini?"

"Haina kitu, afande."

"Afande nani?"

Candida akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama juu ya birika. "Ungetuambia mapema tu, mdogo wangu. Mimi mbele yako nimeisema serikali mwaka mzima. Kuanzia bei ya ngano mpaka ya mkaa."

Ndipo yote yakamfungukia. Waridi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, na aliponyanyua macho akakuta anacheka peke yake.

"Dada Candida, mimi si wa huko."

"Najua."

"Kweli kabisa. Mimi si Usalama."

"Ndivyo mnavyosema."

"Sasa mtu ambaye siye, aseme nini?"

"Hapo ndipo pagumu," Candida alikubali, na tumpe haki yake, alionekana kumwonea huruma. "Ukikataa, ndiye. Ukikubali, ndiye. Kunywa chai."

Urvish aliposimuliwa alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Kisha akasema jambo la busara: chagua wingu, watu wasikie umechagua wingu, yaishe. Lakini Waridi alikasirika. "Niliona ni uonevu," anasema. "Niache somo nililolipenda kwa sababu ya neno? Hapo hapo najiuliza, na nikilichukua, nitamfungia nani kufuli, ikiwa hakuna anayenifungulia mlango?"

Mwezi ulikuwa unakatika. Alibakiwa na siku za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuwa amechagua.

Ikaja Ijumaa. Kwenye duka la Hafidhi kuna runinga kubwa inayotazama ujia, ambayo kutwa huonyesha chaja zikizunguka kama zinatafuta mchumba. Mchana, watu wakirudi kutoka msikitini, chaja zilitoweka. Mahali pake akatokea Mama Jasvanti.

Alikuwa miguu peku katikati ya marobota ya stoo yake, amekamata pindo la sari, anacheza. Sikukuu ya Navratri ilikuwa inakaribia, ile ya usiku tisa wa ngoma, na mama alikuwa amejirekodi akifanya mazoezi ili amtumie dada yake aliyeko Moshi. Anazunguka, anapiga makofi, anarudi nyuma hatua mbili, anazunguka tena. Wabeba mizigo walisimama na marobota kichwani. Hakuna aliyecheka. Anacheza vizuri kweli.

Mama mwenyewe alikuwa dukani kwake, simu mkononi, anaitazama runinga yake ndogo na kumlalamikia mkwewe, Zarna, kwamba mbona haionyeshi kitu. Ndipo akasikia muziki wake unatokea nje.

Alivyotoka, ujia ulifunguka wenyewe. Alijiona pale juu, mkubwa kuliko alivyo, akaizima kwa kung'oa waya ukutani. Kisha akageuka akamtafuta mtu mmoja tu. Waridi alikuwa amekaa kwa Candida, hana kazi.

"Wewe," alisema Mama Jasvanti, na sauti ilikuwa ya chini, jambo lililo baya zaidi kwake kuliko kelele. "Nilikupa ufunguo. Ukaweka jicho stoo kwangu."

"Mama, sikuweka kitu."

"Nani mwingine anayezijua nyaya hizi? Hao wanaokulipia, wanataka kuona mwanamke mzee anacheza?"

Waridi aliweka kikombe chini, akainuka. Kazi yake yote ilikuwa imesimama pale kwenye ujia ikimwangalia.

"Mama, naomba simu yako. Ishike wewe mwenyewe, mimi nioneshe kwa kidole tu."

Mama Jasvanti akaishika. Waridi akamwomba abonyeze pale alipobonyeza mwanzo, pa kutuma picha kwenye runinga. Simu ikauliza: runinga ipi? Chini yake yalijipanga majina mawili yanayofanana herufi kwa herufi, kwa kuwa runinga zote mbili zilinunuliwa kampuni moja na hakuna aliyezibatiza.

"Hii ya chini ni yako," Waridi alisema. "Hii ya juu, uliyobonyeza mwanzo, ni ya Kaka Hafidhi."

"Na ya Hafidhi imefikaje kwenye simu yangu?"

"Haikufika, mama. Haijawahi kuondoka. Mnalala chumba kimoja."

Hafidhi alikohoa. Mama Jasvanti alimtazama, na kikohozi kikakatika.

Basi Waridi akaeleza, pale pale, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza hakutumia neno la kwenye kitabu hata moja. Akawauliza kila duka lina kufuli ngapi. Nne, tano, mmoja sita. Akawauliza kule juu je. Akawaambia ghorofa yote ni chumba kimoja kilichotandazwa mapazia, na kila mtu ameridhika kwa sababu pazia lake ni la rangi anayoipenda.

"Hicho ndicho nilichotaka kusomea," alimaliza. "Kufuli za huko juu. Ni hizo tu. Na mimi ningekuwa wa huko mnakosema, ningekuja na gari, nisingekuja na ngazi."

"Wanakuja na ngazi pia," Candida alinong'ona, lakini kwa sauti ya mtu anayelegea.

Mama Jasvanti aliitazama dari. Kisha akauliza swali ambalo Waridi anasema ndilo lililomchagulia mtihani. "Haya. Unaweza kututenganisha?"

Hapo angeweza kusema ndiyo akajivuna. Watu walikuwa wanasubiri tu waamini. Alisema: "Siwezi, mama. Bado. Najua ugonjwa ulipo, kuutibu sijui. Lakini namjua anayejua."

Jumapili, maduka hayauzi lakini wenyewe wameitwa, Abdulswamad alipanda hadi ghorofa ya pili kwa lifti, magoti yakilalamika, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya kabati la nyaya. Safari hii yeye ndiye aliyefanya na Waridi ndiye aliyetazama. Aliigawa swichi, kile kisanduku ambamo nyaya zote hukutana, ikawa kama swichi nyingi, kila duka na chumba chake, bila kuongeza waya hata mmoja. Kisha Waridi akazunguka kubadilisha maneno ya siri, kila mwenye duka akiandika lake mwenyewe, na yeye amegeukia ukutani.

"Nilimwona mzee anavyojenga kuta mahali nilipokuwa naona mapazia," anasema. "Nikajiambia, Waridi, ukimbilie kufuli kwanza, utalitundika wapi, kwenye pazia? Tena kuta hizo zinafundishwa kwenye ile CCNA. Nilikuwa naidharau kwa sababu haina jina zuri."

Jumatatu alimpa Urvish jibu. Urvish alishusha pumzi, akasema wingu litasubiri, kwani lina pa kwenda? Mzee Chandu aliuliza swali moja, kama mtihani huo una waya. Alipoambiwa upo, akaagiza soda.

Mama Jasvanti ndiye aliyetangulia kurudisha ufunguo. Aliuweka mkononi mwa Waridi, akaukunja mkono ule kwa mikono yake miwili, na hakusema samahani. Alisema, "Stoo ina joto. Washa feni." Katika usiku ule tisa wa ngoma, wabeba mizigo kadhaa walimpa hongera kwa staha kubwa, naye hakuuliza ni ya nini.

Funguo nyingine zikafuata. Pointi zimerudi, na zimezidi, kwa kuwa jengo la jirani limesikia na linataka kuta zake. Waridi anasoma tena kwenye ngazi mchana. Mtihani anatarajia kuufanya mwezi wa pili. Akifaulu, anataka kufungua ofisi yake ndogo ya kuzungukia majengo ya Kariakoo, aanze na yale ambayo neno la siri ni jina la jengo, ambayo anasema hayapungui. Kiti cha kwanza cha ofisi hiyo kimeshapata mwenyewe: ni cha plastiki, na ni cha Abdulswamad.

Na ule mwingine, aliouweka moyoni tangu mwanzo? Atausoma baadaye, kwa pesa yake. "Ila sitautaja kwa jina lake," anasema. "Nitawaambia nasomea kufuli."

Bi Salma ameshawatangazia wenzake Feri kwamba binti yake hana chama. Kuhusu ghorofa ya pili, huko mambo hayajanyooka kabisa. Wengi wameelewa. Hafidhi ameelewa zaidi ya walivyoelewa wengine.

"Alisema anasomea kile, sasa anasomea kingine," anaeleza, akiangalia kwanza nani yuko karibu. "Wamemwambia abadilishe ili tusijue. Kazi yao ndivyo ilivyo. Lakini huyu ni wetu, na kama lazima awepo mmoja, afadhali awe anayejua kurekebisha intaneti." Leseni zake mbili bado ziko ukutani.

Candida ameanza kupokea pesa ya chai. Kuhusu bei ya ngano, bado anazungumza kwa uangalifu.

Waridi amekunywa fundo la mwisho, amerudisha tochi kichwani na kupanda. Kiuno kinapotea, zinabaki raba nyekundu. Kundi la wabeba mizigo linatokea kwenye kona na marobota.

"Mambo, afande?" anaita wa mbele, na wenzake wanacheka.

Miguu inatulia kidogo.

"Poa," inajibu dari. "Majina yenu ninayo."

Marobota yanaongeza mwendo.